Kura ya Maoni na Utafiti wa Maoni kwa Simu: Historia ya Istilahi Iliyochanganyika

Kata ya Rudewa imo wilayani Kilosa, kando ya barabara itokayo Dumila, kilomita 24 kabla ya kufika Kilosa mjini, katika nchi ya mashamba ya mkonge. Tulikwenda huko kuandika maneno ya wafanyakazi wa mkonge, tangu ukataji wa majani hadi uanikaji wa singa. Kazi hiyo haihusu makala haya, isipokuwa kwa jambo moja lililotokea tulipokuwa tumeketi barazani kwa mwenyeji wetu, mzee wa miaka sabini na ushei. Simu yake iliita. Akaitikia, akasikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Mwanangu, kura ni siri. Mimi yangu nilipiga siku ya uchaguzi, na hata mama watoto sikumwambia." Akakata simu. Tulipomwuliza kulikoni, akajibu: "Ni binti mmoja, anasema ananipigia kura ya maoni. Sasa anayepiga kura ni nani, yeye au mimi?"

Tulicheka, naye akacheka. Lakini njiani tulipokuwa tukirudi Kilosa tuliona kwamba swali lile lilikuwa letu sisi wa istilahi kuliko lilivyokuwa la binti yule. Yeye alikuwa akifanya kazi halali, akisoma maneno aliyoandikiwa. Neno moja kati ya hayo ndilo lililomfungia mlango. Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi neno hilo lilivyofika hapo lilipo, na jinsi kazi yenyewe ya kuuliza maoni ya taifa kwa simu inavyofanywa, kwa kuwa haiwezekani kuchagua jina la kitu bila kukijua kitu chenyewe.

Neno kura limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni kitu kinachotupwa au kuokotwa ili bahati iamue. Maana hiyo ndiyo ya asili katika Kiswahili pia. Wasomaji wa Biblia wanaijua katika kisa cha Yona, ambapo mabaharia walipiga kura wapate kujua ni nani aliyewaletea tufani. Na wasomaji wa Kurani wanakijua kisa hicho hicho kwa jina la Yunus. Hakuna katika mabaharia wale aliyetoa maoni yake. Waliiachia kura iseme. Mpaka leo watu hugawana viwanja kwa kura, na aliyepata husema kura imemwangukia.

Maana ya pili, yaani alama ya chaguo la mtu, ilikuja na uchaguzi wa kisasa. Ilikuwa imekwisha kuenea wakati wa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika wa 1958 na 1959, ambao wazee huukumbuka kwa jina la kura tatu, kwa sababu kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Hapa neno liligeuka kabisa: lile lililokuwa jina la bahati likawa jina la hiari. Hatuna sababu ya kulilalamikia badiliko hilo, kwani ndivyo lugha zinavyokua.

Taabu ilianza neno lilipoongezewa maoni. Kura ya maoni kwanza ni uamuzi wa wananchi wote kuhusu jambo moja la nchi, kama ile ya Zanzibar ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 walikubali muundo wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Pili, ni upigaji wa kura ndani ya chama wa kupata majina ya watakaogombea. Tatu, ni kule kuuliza watu wachache wanaonaje ili kukadiria wengi wanaonaje. Mwaka 2015 maana zote tatu zilikutana. Kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili, ikaahirishwa na Tume ya Taifa ya Uchaguzi mwanzoni mwa mwezi huo huo, na haikufanyika. Katikati ya mwaka zikafuata kura za maoni za vyama kwa ajili ya ubunge na udiwani. Septemba ikatangazwa kura ya maoni ya tatu, ambayo haikuwa na kituo, wala karatasi, wala sanduku, kwa maana ilikuwa imefanywa kwa simu. Mtu aliyefungua redio katikati ya sentensi alikuwa na haki ya kutojua ni ipi inayozungumzwa.

Sasa tuitazame hiyo ya tatu. Kuuliza maoni kwa njia ya kitaalamu kulipata sifa nchini Marekani mwaka 1936. Gazeti la Literary Digest lilipeleka kadi kwa watu wapatao milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, aliyeuliza watu wachache zaidi kwa mbali, alikuwa amekwisha kusema hivyo. Gazeti lilikuwa limechukua majina mengi katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika miaka ile ya dhiki mwenye simu na asiye na simu hawakuwa na maoni mamoja. Baadaye, simu zilipoingia karibu kila nyumba huko Marekani, wataalamu kama Mitofsky na Waksberg walitengeneza katika miaka ya 1970 utaratibu wa kuziunda namba zenyewe kwa bahati nasibu, hata ambaye hakuandikwa kitabuni aweze kufikiwa.

Kwetu sisi utaratibu huo haukuwezekana kwa muda mrefu. Simu ya waya ilikuwa kitu cha ofisi, stesheni na nyumba chache za mjini; mtu angekifuata kitabu cha simu angepata maoni ya wakuu wa idara. Simu za mkononi zilianza nchini 1994, zikachukua miaka mingi kufika vijijini. Kwa hiyo tafiti za maoni ziliendelea kufanywa ana kwa ana, kama Afrobarometer inavyofanya nchini tangu 2001.

Badiliko kubwa lililetwa na mpango wa Sauti za Wananchi wa taasisi ya Twaweza, ulioanza kutoa matokeo 2013. Mpango huo haukungoja kila mtu awe na simu. Yalichaguliwa kwa bahati nasibu maeneo 200 ya kuhesabia watu ya Tanzania Bara, na katika kila eneo kaya 10, jumla kaya 2,000. Katika kila kaya alichaguliwa mtu mzima mmoja, vilevile kwa bahati nasibu. Wadadisi waliwatembelea nyumbani, wakaandika habari za kaya, wakawaachia simu na chaja ya nguvu za jua. Kuanzia hapo maswali yakawa yanaulizwa kwa simu kutoka kituo kimoja. Mpigaji husoma swali kama lilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza, na jibu huingizwa papo hapo katika kompyuta. Asiyepatikana asubuhi hupigiwa tena saa nyingine. Kosa la Literary Digest lilikuwa kumfuata mwenye simu. Hapa mtu alichaguliwa kwanza, simu ikamfuata. Baadaye Twaweza iliupeleka utaratibu huo Kenya na Uganda.

Msomaji ataona mahali kura ilipo katika kazi hii. Haipo katika jibu la mtu. Ipo mwanzoni, pale maeneo, kaya na watu walipochaguliwa, nayo ni kura kwa maana ile ya kale ya Yona. Anayejibu simu hapigi kura yoyote, bali kura ilimwangukia kabla simu haijaita. Kwa hiyo istilahi ya magazeti imeiweka kura mahali ambapo haipo, na kuinyamazia mahali ilipo.

Madhara yake si ya kisarufi tu. Katika matokeo ya Septemba 2015, asilimia 65 walisema wangemchagua John Magufuli na asilimia 25 Edward Lowassa. Katika uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba, Magufuli alipata asilimia 58.46 na Lowassa asilimia 39.97. Aliyeambiwa kwamba zote mbili ni kura hana budi kuuliza ipi ilikuwa ya kweli. Aliyeambiwa kwamba ya kwanza ni makadirio atauliza maswali yenye faida zaidi: waliulizwa lini, wangapi walikataa kujibu, wangapi walikuwa bado hawajaamua. Wala asidhani tunautetea utafiti ule. Sampuli ya watu 2,000 iliyochaguliwa kwa bahati tupu hutoa makadirio yanayoweza kupotoka kwa pointi 2 hivi, juu au chini, mara 95 katika 100. Watu wakichaguliwa kwa mafungu ya kaya jirani, mwanya huo hupanuka kidogo. Tofauti ya pointi 15 haienei humo. Hatudai kujua sababu yake, ila tunamkumbuka mzee wa Rudewa. Wanaokata simu wakidhani wanadaiwa siri ya kura hawahesabiwi, na hakuna anayeweza kuapa kwamba wanafanana na wanaojibu.

Huo mwanya tulioutaja nao una shida ya jina. Magazeti huandika "kiwango cha makosa ni asilimia 2", na msomaji hudhani makarani wamekosea. Tunaona mwanya wa makadirio ungefaa zaidi, na kipimo chake kitajwe kuwa pointi, si asilimia. Neno mhojiwa nalo limezoeleka mno katika habari za polisi, na hatushangai mtu akisita kuitwa hivyo. Mtoa maoni anatosha. Jopo tuwaachie madaktari na majaji. Watu walewale wanaopigiwa simu mwezi hadi mwezi ni kundi la kudumu. Na wale wanaopungua katika kundi hilo kwa kuhama, kufa, kupoteza simu au kuchoka tu, kupungua kwao tungependa kukuite upukutikaji, kama majani. Sampuli imekwisha kuzoeleka kwa wataalamu, lakini mfasiri akumbuke kwamba barazani "mtu wa sampuli hii" si sifa njema.

Je, kitu chenyewe tukiiteje? Pendekezo letu ni utafiti wa maoni, na kura ya maoni ibaki kwa uamuzi wa wananchi wote kwa mujibu wa sheria. Lakini hatutaki kuficha kwamba pendekezo hili lina gharama. Julai 2018 Twaweza ilitangaza kwamba waliokubali utendaji wa Rais walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka 2017 na 96 mwaka 2016. Siku chache baadaye Tume ya Sayansi na Teknolojia iliiandikia ikitaka maelezo kuhusu kibali cha utafiti. Mwaka huo huo Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa kwa kubana utangazaji wa takwimu zinazopingana na zile rasmi, na 2019 ikarekebishwa tena na kulegezwa. Hivyo basi, ikiwa kitu hiki ni utafiti, kitaulizwa kibali. Ikiwa ni takwimu, kitapimwa kwa sheria nyingine. Wapo wenzetu ambao kwa sababu hiyo hupendelea ukusanyaji wa maoni. Sisi hatukubaliani nao. Tume ya Jaji Francis Nyalali ya 1991 ilikusanya maoni, na asilimia 80 hivi ya waliotoa maoni yao walitaka chama kimoja kiendelee. Lakini waliotoa maoni hawakuwa wamechaguliwa kwa sampuli, na tume yenyewe ilipendekeza vyama vingi. Kukusanya ni kupokea kinacholetwa. Utafiti wa maoni huchagua wa kumwuliza. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuifuta kwa kukwepa kibali, na mwenye kutunga sheria ndiye wa kuamua ni utafiti upi unaohitaji kibali.

Jirani zetu wa Kenya walitunga mwaka 2012 sheria ya utangazaji wa tafiti za maoni ya uchaguzi, inayotaka umma uelezwe mambo kama vile nani amefadhili, watu wangapi wameulizwa na lini. Mfasiri wa sheria kama hiyo akitumia kura ya maoni, atajikuta anahitaji neno jingine atakapofika kwenye kura ya maoni ya Katiba yao ya 2010.

Kesho yake tulirudi Rudewa kumalizia maneno ya mkonge. Tulikuwa tumeandika sentensi ya kumfungulia mtoa maoni mazungumzo, tukamwomba mzee aisikilize: "Shikamoo. Tunafanya utafiti wa maoni ya wananchi. Hii si kura, na hatutakuandika jina. Unaweza kukataa swali lolote." Akaitikia marahaba, akafikiri kidogo, akauliza: "Na namba yangu mliipata wapi?"

Tukamwambia ilitoka kwa kura, namba nyingi zikitikiswa pamoja na yake ikaanguka.

"Kama tulivyogawana mashamba," akasema. "Hiyo naijua. Haya, uliza."