WALIOTOKA WASIRUDI
Habari za Watu Waliopotea Katika Nchi ya Kwale

Ni desturi katika ripoti ya mwaka kuwataja wanachama waliotangulia mbele ya haki na kuwaombea rehema. Makala hii inawataja watu wa namna nyingine: wale waliotoka majumbani mwao wasirudi, wala habari zao zisijulikane. Hao hatuwezi kuwaombea kama wafu, wala hatuwezi kuwangojea kwa yakini kama watu walio hai. Kutoka Likoni hadi Vanga, nyumba zenye msiba wa namna hii si chache, na aghalabu msiba wenyewe hausemwi. Tumeona yafaa kuieleza historia yake kwa ufupi, ili wazee wapime na vijana wajue kwamba jambo hili halikuanza jana.

Zama za kwanza

Hapo kale mtu wa pwani hii aliweza kupotea kwa njia mbili kubwa, bahari na utumwa. Mvuvi aliyechukuliwa na dhoruba nje ya mwamba wa Diani au Msambweni hakuacha kaburi, lakini ndugu zake walijua aliyemchukua. Mtu aliyenaswa na wafanyaji biashara ya watumwa hakuacha hata ujuzi huo. Wenyeji wa Shimoni husimulia mpaka leo kwamba mapango ya huko yalitumiwa kufungia watu kabla ya kupakiwa vyomboni. Waliovushwa bahari walipewa majina mengine na mabwana wengine, na kwa hiyo hata aliyetaka kuwatafuta hakuwa na jina la kuulizia.

Kisha vikaja vita vya Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Aliposhindwa, mwezi wa Aprili 1896 alivuka mpaka na wafuasi wake wengi, akajisalimisha kwa Wajerumani. Yeye mwenyewe alifariki Dar es Salaam mwaka 1910, na habari zake ziko vitabuni. Wafuasi wake wadogo hawakuandikwa na mtu. Walioachwa nyuma walibaki kuulizana nani amefia njiani, nani amelima shamba jipya upande wa pili, na nani amesahau kwao.

Kariakoo

Lakini upotevu mkubwa kuliko wote uliletwa na Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Nchi yetu ilikuwa mpakani, kwa hiyo ilionja vita mapema. Oktoba 1914 palipiganwa Gazi, na Januari 1915 palipiganwa Jasini, karibu na Vanga. Januari 1916 Meja Arthur Wavell, kamanda wa kikosi cha Waarabu, aliuawa Mwele, katika nchi hii hii ya Kwale.

Askari hawaendi vitani bila chakula wala risasi, na katika nchi ya mbung'o punda na ng'ombe hawaishi. Mizigo ikatiwa vichwani mwa watu. Serikali iliunda kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na midomo ya watu wetu ikakiita Kariakoo. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu, na mwaka 1917 palifanywa msako mkubwa kupita yote iliyotangulia. Mshahara wa mpagazi ulishushwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Zaidi ya watu laki moja walichukuliwa kutoka nchi iliyoitwa baadaye Kenya. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi: waliuawa na tumbo la kuhara damu, malaria, kichomi na unga wa mahindi usiosagwa wala kupikwa vema, na wakazikwa kando ya njia huko kusini ya Tanganyika.

Hapa ndipo penye jambo linalotuhusu. Mkuu wa kikosi, Oscar Watkins, alijitahidi kuweka madaftari ya majina na alama za vidole. Lakini majina mengi yaliandikwa na makarani wasioijua lugha ya mtu aliyesimama mbele yao. Mtu alitaja jina lake na la babake, karani akaandika alilolisikia. Wengine walihamishwa kutoka kundi hili hadi lile bila kuandikwa popote. Vita vilipokwisha, serikali ilikuwa na majina yasiyokuwa na vijiji, na vijiji vilikuwa na majina yasiyokuwamo daftarini. Mishahara ya maelfu ya marehemu na waliopotea haikulipwa kwa mtu yeyote. Baadhi ya maofisa wa Kenya waliomba fedha hizo zitumiwe kwa manufaa ya Waafrika, ombi likakataliwa. Mama aliyepoteza mwana akapoteza na ujira wa mwana.

Ajabu ni kwamba serikali hiyo hiyo, kuanzia mwaka 1919 na 1920, iliweza kumwandika kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kazi na kumvisha kipande chenye alama za vidole, ili asitoroke kwa bwana wake. Elimu ya kumjua mtu ilikuwapo basi, ila haikutumiwa kuwajibu wazazi.

Jina la Meja Wavell limechongwa katika nguzo ya ukumbusho Mombasa. Katika mji huo huo ziko sanamu za askari na mpagazi, wala chini yake hapana jina hata moja la mpagazi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na yamkini kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Taarifa hiyo ilikuja baada ya miaka mia moja na zaidi, wajane na mayatima wote wakiwa wamekwisha kufa.

Nyumba isiyo na jibu

Yafaa tuseme wazi ni nini kinachoipata familia ya namna hii. Kwanza ni mke. Sheria ya Kiislamu humwita mtu aliyepotea mafkudi. Kwa kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafi, ambayo hufuatwa na wengi pwani, mke wake hungojea hata pathibitike kifo au talaka. Kauli nyingine ya zamani, iliyopokewa kwa Sayyidna Umar, humtaka angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi. Kati ya kauli hizo mbili kuna maisha mazima ya mwanamke, na kadhi ndiye wa kumwendea. Sheria ya ushahidi ya Kenya nayo husema kwamba mtu asiyesikika kwa muda wa miaka saba, na wale ambao wangalipasa kumsikia, huchukuliwa kuwa amekufa mpaka ithibitike vingine.

Pili ni mali. Kwa Wadigo wa zamani urithi ulifuata upande wa mama, mpwa akamrithi mjomba. Uislamu uliposhika, watoto wakadai fungu lao, na mabaraza yakasikiliza kesi hizo miaka mingi. Maadamu mwenye mali yuko kaburini, wazee hukaa wakapatanisha. Lakini akiwa amepotea tu, nani ataangua minazi yake? Mpwa ataogopa, mtoto ataogopa, na mtu wa mbali asiyeogopa ndiye atakayekula. Mashamba mangapi ya ufuoni yamepata wenyewe wapya kwa njia hiyo!

Tatu ni matanga yasiyokaliwa. Aliyefiwa hulia, huhaniwa, huliwazwa, kisha hurudi kazini. Aliyepotelewa hana siku ya kulia. Akilia huonekana amekata tamaa, na asipolia huambiwa amesahau.

Miaka yetu hii

Mtu asidhani kwamba mambo haya yaliisha na ukoloni. Aprili 29, 1994 kivuko cha Mtongwe kilizama, watu 272 wakafa. Agosti 13, 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa na askari wakauawa. Fujo zilizofuata ziliua watu zaidi ya mia, zikawahamisha maelfu, na misako ikaingia vijijini na misituni hadi Kaya Bombo. Tume ya Jaji Akiwumi ilisikiliza ushahidi mwaka 1998 na 1999.

Baada ya mwaka 2011, Kenya ilipotuma majeshi Somalia, ukaja msiba mwingine. Vijana fulani wa pwani walivushwa mpaka na waliowashawishi. Aprili 2015 serikali ilitangaza msamaha kwa watakaorudi. Wapo waliorudi, na miongoni mwao wapo waliouawa na waliotoweka. Katika miaka hiyo hiyo wazee wa mitaa na wajumbe wa Nyumba Kumi waliuawa katika Kwale kwa kudhaniwa kuwa ni wapasha habari. Mwaka 2015 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa taarifa yenye visa 81 vya watu kutoweshwa katika sehemu mbalimbali za nchi. Mwaka 2016 shirika la Haki Africa la Mombasa liliandika visa vya pwani tangu 2012, wakiwamo watu 24 waliotoweshwa. Taarifa hiyo ilipewa jina la swali: familia tuziambie nini?

Katiba ya mwaka 2010 inamtaka kila mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, na haki ya kuomba mahakama iamuru mtu aletwe haiwezi kupunguzwa. Hata hivyo familia zilizokwenda mahakamani zilijibiwa mara kwa mara kwamba mtu wao hayumo kituoni, na jalada likasimama hapo. Familia nyingine hazikwenda kabisa. Zilihofia kwamba mwana akitajwa kuwa amepotea, majirani watasema amekwenda Somalia, na nyumba nzima itatiwa alama. Hofu hiyo ina sababu. Lakini mtu asiyeripotiwa hatafutwi, na mwaka ukipita shahidi husahau au huhama.

Msiba wa Shakahola, katika Kilifi, ulitufundisha jambo hilo hilo. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni humo. Ndugu walitoa damu na mate ili vipimo vya nasaba vilinganishwe, na miili ya kwanza ilikabidhiwa kwa wenyewe Machi 2024. Waliokuwa wamejitokeza na kuandikisha majina ndio waliokuwa na tumaini la kupata jibu.

Yatupasayo

Chama hiki si polisi wala mahakama. Lakini historia tuliyoieleza inaonyesha kwamba, mara baada ya mara, watu wetu walipotea mara ya pili kwa sababu jina halikuandikwa vema. Hilo tunaliweza sisi wenyewe. Twapendekeza kwa wanachama mambo haya:

1. Mtu akipotea, aripotiwe polisi mara moja bila kungoja siku, na namba ya kitabu cha matukio ihifadhiwe.

2. Yaandikwe majina yake matatu na la ukoo, mavazi, mahali na saa alipoonekana mwisho, na majina ya walioona. Picha yake itunzwe.

3. Hospitali na vyumba vya maiti vya Msambweni na Mombasa viulizwe, kisha virudiwe. Shirika la Msalaba Mwekundu nalo lina kazi ya kutafuta jamaa waliopoteana.

4. Wazee wa mtaa waorodheshe minazi, shamba na deni la aliyepotea mbele ya mashahidi, ili mali isiliwe kabla ya hukumu ya kadhi au mahakama.

5. Chama kifungue daftari la waliopotea, wa zamani na wa sasa, na kila nyumba ikaribishwe kuandikisha bila kuulizwa mtu wake alikuwa mwema au mwovu.

Shauri hili la tano ndilo zito, na pengine litaleta ubishi katika mkutano mkuu. Watakuwapo watakaosema kwamba mtu fulani hastahili kuandikwa. Twawaomba wazee wakumbuke kwamba hukumu ni kazi ya mahakama, na kwamba mama wa mtu hajashitakiwa kwa lolote. Yeye anataka kujua mwanawe yuko wapi, na daftari litamwezesha kuuliza kwa jina.