Opera ya Beijing Ilivyofika Eastlands kwa Mlango wa Uani

Mwaka 1790, Mfalme Qianlong alipotimiza miaka 80, vikundi vya waigizaji kutoka Anhui vilianza kumiminika Beijing kumtumbuiza. Mitindo yao ikachanganyika na ya wageni wengine mjini humo, na katika karne ya 19 ikazaliwa opera ya Beijing. Mwigizaji wake sharti amudu mambo manne: kuimba, kusema, kuigiza na kupigana. Jukwaani mara nyingi kuna meza moja na viti viwili tu. Mwigizaji akishika mjeledi wenye vishada, yuko juu ya farasi, na hadhira inamwona farasi.

Mjumbe mkuu wa sanaa hii ughaibuni alikuwa Mei Lanfang, mwanamume aliyesifika kwa kuigiza wanawake. Alizuru Japani mwaka 1919, Marekani 1930 na Umoja wa Kisovieti 1935. Huko Moscow, Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, alimtazama, na aliyoyaona yakaingia katika nadharia yake ya uigizaji.

Hiyo ilikuwa safari ya kumbi kubwa. Iliyofika Mathare na Dandora, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ilipita kwingine. Mwaka 1940, Lee Hoi-chuen, msanii wa opera ya Kikantoni, alikuwa ziarani Marekani mkewe alipojifungua mtoto wa kiume San Francisco. Mtoto huyo ndiye Bruce Lee, baadaye nyota wa filamu za kung fu. Katika miaka ya 1960, Jackie Chan na Sammo Hung walikuwa wanafunzi wa bweni wa mwalimu Yu Jim-yuen huko Hong Kong, wakifundishwa opera ya Beijing kwa viboko na jasho. Mkataba wa Chan ulikuwa wa miaka 10. Walipohitimu, watazamaji wa opera walikuwa wamepungua, nao wakahamishia miili yao kwenye filamu hizo.

Filamu hizo ndizo zilizojaza vibanda vya video vya Eastlands: mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, na ubao nje wenye majina ya picha za siku hiyo kwa chaki. Msimulizi kama DJ Afro akaziongezea Kiswahili na Sheng, akiwabatiza majina wahusika na kuwakejeli maadui. Katika *Drunken Master* ya 1978, Chan anapepesuka kama mlevi huku akikwepa kila ngumi. Vijana waliomwiga uwanjani walikuwa wakijifunza, bila kuambiwa, uigizaji wa mwili uliolelewa kwenye majukwaa ya opera.

Sarakasi ilikuja kwa njia ya wazi zaidi. Huko China, tangu enzi ya Han, ilichezwa pamoja na ngoma na maigizo. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilipeleka vijana kujifunza huko, na mwaka 1969 ikawa na kundi lake la taifa la sarakasi. Nairobi, shirika la Sarakasi Trust lilianzishwa mwaka 2001, na baadaye likapata makao Ngara, katika jengo lililokuwa sinema ya Shan. Vijana wa mitaani wamepata ajira humo kwa kupanda mabega ya wenzao. Wakenya wengine wamefunzwa katika chuo cha sarakasi cha Wuqiao, mkoani Hebei, kwa ufadhili wa serikali ya China.

Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius, ya kwanza Afrika, na mwaka 2010 UNESCO iliitambua opera ya Beijing kuwa urithi wa binadamu. Ni hatua za kusifiwa. Lakini sanaa ya mwili hairithishwi kwa hotuba wala kwa onyesho la usiku mmoja mbele ya wageni waalikwa. Inataka mwalimu, mkeka na miaka. Kumbi za kijamii za Kaloleni na Pumwani zipo, na vijana wapo. Anayetaka kuujenga uhusiano wa kisanaa kati ya Nairobi na Beijing aanzie hapo: alete walimu wakae, na awapeleke wetu nao wakafundishe.