Somo la Historia: Kura Tatu

Leo tutasoma habari ya sheria iliyowabana watu, na jinsi walivyoikabili.

Ukitoka Nzega kwenda kusini unafika Tabora. Mji huo unaujua kwa misafara ya zamani iliyopita kati ya pwani na Ujiji. Januari 1958 walifika hapo wasafiri wa namna nyingine. Hao walikuwa wajumbe wa TANU, nao walikuja mkutanoni.

Shauri lao lilikuwa hili. Serikali ya Waingereza ilitoa sheria ya kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Akichagua mmoja tu, kura yake iliharibika. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ilitakiwa elimu, kipato au cheo. Wakati huo Waafrika wa Tanganyika walizidi milioni 8, na Wazungu walikuwa kama 20,000 tu.

Je, mtu afuate sheria ya namna hiyo? Wajumbe wengi walitaka kususia. Mwalimu Julius Nyerere, aliyepata kusoma Tabora, alishauri waingie katika uchaguzi. Hakusema kuwa sheria ni nzuri. Alisema kwamba wakikaa nje, viti vitachukuliwa na wapinzani wao. Mkutano ukakubali. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitoa, akaanzisha chama chake.

TANU iliwaunga mkono pia Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo, ikashinda chaguzi za 1958 na 1959. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa: aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliweza kupiga kura. Angalia, msomaji, kalamu yako ina nguvu gani! Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1962 watu wazima wote wakapewa haki ya kumchagua Rais.

Tunajifunza nini? Kuifuata sheria si kukiri kuwa ni ya haki. Waliokutana Tabora waliifuata ili wapate nafasi ya kuibadili.

Lakini tusimsahau Mtemvu. Alikuwa na uhuru wa kukataa na kuunda chama. Mwaka 1965 sheria yetu wenyewe iliufunga mlango huo: Tanzania Bara ikabaki na chama kimoja tu. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1992. Basi usidhani kwamba sheria hubana ikitungwa na mgeni peke yake. Hata ikitungwa na ndugu zako, isome, uielewe, na uulize.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini wajumbe wengi walitaka kususia?
2. Kama ungekuwa Tabora mwaka 1958, ungefuata shauri la nani? Eleza sababu.
3. Taja sheria moja unayoifuata bila kuipenda. Utafanya nini ili ibadilishwe?