Kukoboa: kwa mchi na kwa chokaa

Kitenzi kukoboa, ambacho maana yake ni kuiondolea nafaka ganda la nje ili kiini kibaki, hutofautiana na kusaga, yaani kuifanya unga. Katika vijiji vya Lindi kama Rutamba, mahindi yaliyoloweshwa kidogo hukobolewa kinuni kwa mchi, kisha hupepetwa kwa ungo ili pumba zitoke, ingawa mashine sasa imepunguza sana kazi hiyo. Mahindi hayo ndiyo yapikwayo makande pamoja na maharage, na unga wake ndio sembe, kinyume cha dona isiyokobolewa.

Nchini Meksiko, kwenye asili ya mahindi, mchuzi wa sherehe uitwao pozole hupikwa kwa nyama ya nguruwe na mahindi meupe yenye punje kubwa, ambayo hukobolewa bila mchi: huchemshwa na kulazwa katika maji ya chokaa mpaka ganda lilegee na kusuguliwa. Chokaa hiyo pia hufungua niasini, vitamini ambayo ukosefu wake huleta ugonjwa wa pelagra, na inasikitisha kwamba mahindi yalipovuka bahari, maarifa hayo hayakusafiri nayo.

Kuiita pozole “makande ya nguruwe” hakufai, kwa kuwa haihitaji maharage, na mpishi Mwislamu wa pwani aweza kutumia nyama ya ng'ombe. Wafasiri na waandike “mchuzi wa mahindi yaliyokobolewa kwa chokaa”.