Faini ya Sh500 ya ulevi na cheti cha tabia njema: nani anaona nini?

Tuseme kijana wa Munyaka, pale Eldoret, ametoka kilabuni Jumamosi usiku akiimba barabarani. Gari la polisi linapita, anapakiwa, analala seli. Jumatatu anasimamishwa mbele ya hakimu, anasomewa shtaka la kulewa na kufanya fujo, anajibu "ni kweli," analipa faini na kurudi mtaani kabla ya chakula cha mchana. Kwake yeye yamekwisha. Mwaka unaofuata anapata kazi Qatar, na ajenti anamwitisha cheti cha tabia njema.

Huku Pwani swali hili naulizwa sana, maana wengi tuna mtoto anayetafuta njia ya Ghuba, na wengine vijana wao wako bara wakisoma au kuendesha malori. Dini yetu imekataza pombe, hilo halina mjadala. Lakini imetufundisha pia sitara, na aliyeteleza siku moja si lazima atangazwe maisha yake yote.

Kosa lenyewe liko katika kifungu cha 33 cha Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile tuliyozoea kuiita Sheria ya Mututho. Sheria hiyo ndiyo iliyoondoa marufuku ya zamani ya chang'aa, ikaacha kosa la kulewa hadharani hadi kushindwa kujiweza au kufanya fujo. Polisi wanaweza kukukamata bila waranti. Adhabu ni faini isiyozidi Sh500, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Usichanganye na kuendesha gari ukiwa mlevi: hilo ni kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, na faini yake inaweza kufika Sh100,000 au kifungo cha miaka miwili.

Tukio kama la kijana wetu huacha alama sehemu zaidi ya moja. Kwanza ni kitabu cha OB kituoni, ambacho ni cha polisi. Jirani au mwajiri haendi pale kaunta akafunua kurasa. Kisha kuna faili la mahakama, na mahakama zetu ni za wazi, kwa hivyo aliyekaa kwenye benchi siku ile amesikia jina lako. Ya tatu ndiyo nzito: kumbukumbu za alama za vidole zinazotunzwa na Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, DCI. Polisi huzitumia katika uchunguzi, na kesi nyingine ikija, mwendesha mashtaka anaweza kumwonyesha hakimu kwamba umewahi kutiwa hatiani. Ndiyo maana mahakamani husikika maneno "mkosaji wa kwanza".

Mwajiri hana mlango wake wa kuingilia humo. Anapitia kwako. Wewe ndiye unayeomba cheti kwenye eCitizen, unachukuliwa alama za vidole, kwa mfano Huduma Centre, DCI wanazilinganisha na zile walizo nazo, kisha wewe mwenyewe unampelekea karatasi. Kwa jina ni hiari yako, lakini nani atakuajiri ukikataa?

Kukamatwa si kuhukumiwa. Aliyelala seli akaachiliwa bila shtaka hana hatia yoyote, hata kama mtaa mzima ulimwona akipandishwa gari. Anayesema "ni kweli" ili awahi kazini amejitia hatiani mwenyewe. Sh500 ni bei ya kuku mmoja, ndiyo maana watu hukubali haraka.

Uingereza wana sheria tangu 1974 inayofanya hatia nyingi ndogo zihesabike zimepitwa na wakati baada ya muda fulani. Afrika Kusini mtu anaweza kuomba rekodi ya baadhi ya makosa ifutwe baada ya miaka kumi. Kenya hatuna sheria ya jumla ya namna hiyo kwa watu wazima, na kwa maoni yangu ni pengo kubwa. Kosa ambalo Bunge limelipima kwa Sh500 halifai kumfuata mtu hadi uzeeni.

Kwa sasa kinga iko mwanzoni mwa kesi. Katiba, kifungu cha 49, inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata kama muda huo umeangukia wikendi. Kifungu hicho hicho kinasema mtu asizuiliwe rumande kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miezi sita, na hili la ulevi ni miezi mitatu. Kwa hivyo usikubali kosa kwa hofu ya rumande. Kama kweli umekosa, unaweza kumwomba hakimu atumie kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomruhusu kukuachilia bila adhabu, kwa masharti au bila masharti.

Na kesi ikiondolewa au ukiachiliwa huru, usiondoke mikono mitupu. Muombe karani nakala ya amri iliyothibitishwa kwa muhuri. Cheti kikitoka na doa lisilo la kweli, kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kutaka habari hiyo irekebishwe au ifutwe, na karatasi ile ndiyo utakayowapelekea DCI. Iweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.