Waliobeba Utajiri wa Usukuma kwa Magurudumu Mawili

Historia ya Shinyanga na Geita imezoeleka kuhesabiwa kwa vitu vilivyotoka ardhini: pamba, almasi, dhahabu. Vitabu hutaja mwaka mgodi ulipofunguliwa, kampuni iliyoumiliki na mzungu aliyegundua mwamba. Ni nadra kukitaja chombo kilichompeleka mchimbaji mgodini, kilichompeleka mkulima na pamba yake kwenye mizani, kilichompeleka mama mjamzito zahanati usiku. Chombo hicho ni baiskeli, na mtu akitaka kuelewa watu wa ukanda huu wameishi vipi katika miaka mia moja iliyopita, na aanze nayo.

Kabla ya gurudumu kulikuwa na bega. Wasukuma na Wanyamwezi walijulikana hadi pwani kama wapagazi wasiochoka, kila mmoja akibeba mzigo wa kilo thelathini au zaidi kwenye misafara ya kati ya Tabora na Bagamoyo. Katikati ya mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alitoka Tabora akaelekea kaskazini, akakatiza Usukuma, na tarehe 3 Agosti akaliona Ziwa Viktoria karibu na Mwanza. Mizigo yake ilikuwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, na vijia alivyopita vilikuwa vya wenyeji tangu zamani. Upande wa Geita na Biharamulo, Walongo walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali na kwao. Kwa hiyo baiskeli ilipofika iliwakuta watu wanaojua mambo mawili ambayo yenyewe inayahitaji: safari ndefu na kazi ya chuma.

Huko Ulaya chombo hicho kilikuwa bado kichanga. Baiskeli yenye magurudumu sawa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ile ambayo umbo lake halijabadilika sana hadi leo, ilitengenezwa na John Kemp Starley mjini Coventry mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop akaipatia tairi ya upepo. Tairi hizo zilitaka mpira, na kiu ya mpira ikawa msiba kwa watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold, waliokatwa mikono na kuuawa ili ugavi utimie. Jambo hilo lisisahauliwe pale tunapokisifia chombo hiki.

Tanganyika baiskeli ilianza kama mali ya wamisionari na maofisa, kisha ikawafikia makarani, makatekista na walimu. Kilichoifanya iwe ya watu wote Usukuma ni pamba, reli na nchi yenyewe. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipita Shinyanga. Katika miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni iliweka Shinyanga makao makuu ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na maelfu ya watu wakafyeka vichaka ili kumnyima mdudu huyo kivuli. Nchi ikawa wazi. Kwa mtazamaji wa mazingira ufyekaji ule ulikuwa mwanzo wa balaa, kwani nusu karne baadaye ilibidi uanzishwe mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), mwaka 1986, kurudisha miti na kuhuisha ngitili, yaani malisho ya asili yanayotengwa. Kwa mwenye baiskeli nchi hiyo tambarare, yenye vijia vigumu wakati wa kiangazi, ilikuwa baraka. Masika ni habari nyingine. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunasa magurudumu, na mtu hulazimika kuibeba iliyopaswa kumbeba.

Miaka ya 1950 ndiyo iliyotia muhuri. Bei ya pamba ilikuwa nzuri, na wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, walikataa kuibiwa kwenye mizani ya wanunuzi. Vyama vyao vya ushirika viliungana mwaka 1955 kuwa shirikisho lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe kwanza, kama ada, kisha mabati, cherehani na Raleigh kutoka Nottingham, nyeusi, ya breki za vyuma na kengele. Baiskeli ikaingia kwenye orodha ya mali za kaya, na halmashauri nazo zikaiona, zikaitoza kodi. Msimu wa kuuza pamba baiskeli zilipanga foleni kwenye vituo vya kununulia, kila moja na furushi lake jeupe nyuma.

Migodi ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, kaskazini ya mji wa Shinyanga, na kabla ya kufa mwaka 1958 alikuwa amejenga mji ndani ya uzio, wenye umeme, hospitali na kiwanja cha ndege. Mwaka 1947 Mwadui ilitoa jiwe la rangi ya waridi ambalo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Jiwe lile linajulikana dunia nzima. Vijiji vya nje ya uzio, kuanzia Maganzo, viliendelea kwenda kazini kwa miguu na baiskeli. Geita nayo ilikuwa na mgodi wa dhahabu tangu 1936, uliofungwa 1966, na kwa miongo mitatu milima ile ikabaki na mashimo na kumbukumbu.

Baada ya uhuru, baiskeli ikawa suala la siasa ya uchumi. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwahamisha watu wa Shinyanga haraka na kwa nguvu, na wengi wakajikuta wanaishi mbali na mashamba yao ya zamani. Asiyekuwa na baiskeli alitembea. Serikali ikaanzisha shirika la taifa la baiskeli, NABICO, lililotengeneza Swala, baiskeli ya Kitanzania. Kisha ikaja miaka ya dhiki baada ya vita vya Kagera, maduka yakawa matupu, na tairi ikawa kitu cha kutafutwa kwa mwenye jamaa mjini. Hapo ndipo fundi wa kijijini alipoonyesha thamani yake: tairi iliyochanika ilishonwa, tyubu ikatiwa viraka juu ya viraka, spoku ikanyooshwa na kurudishwa kazini. Naamini Usukuma iliivuka miaka ile kwa mikono ya mafundi hawa zaidi kuliko kwa mpango wowote ulioandikwa ofisini.

Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia 1984, Phoenix kutoka China na Avon na Hero kutoka India zilijaa. Tangu hapo mjadala haujaisha. Kaa kwenye kijiwe chochote cha Shinyanga, Kahama au Maswa, usikilize. Huyu atasema Phoenix haina mpinzani kwa fremu, yule atasema Avon hupanda kirahisi na vipuri vyake havisumbui. Watabishana kuhusu unene wa spoku, kuhusu cheni inayolegea upesi na friwili inayoteleza chini ya mzigo. Kisha wataingia kwenye marekebisho, na hapa ndipo ujuzi ulipo. Baiskeli inayotoka dukani huwa haijawa tayari kwa kazi. Fundi huongeza nondo kwenye keria, huikaza foki ya mbele kwa vyuma vya pembeni, hubadili spoku nyembamba kwa nene, hushonea sponji na ngozi ya bandia kiti cha abiria na kumwekea pa kukanyagia. Ndipo inapoweza kubeba gunia la mkaa, au madumu manne ya maji ya lita ishirini ishirini, yaani kilo themanini kabla hujampima mwenyewe.

Marekebisho kama haya yamefanyika kwingine pia. Miaka ya 1970, vijana wa Kaunti ya Marin, California, walikuwa wakishuka milima kwa baiskeli nzito za zamani zisizo na gia, na kuzikarabati kwa kubahatisha hadi mwaka 1977 Joe Breeze alipounda fremu mahususi kwa kazi hiyo. Leo biashara ya baiskeli za milimani iliyozaliwa pale ina viwanda, majarida na mashindano ya Olimpiki. Mafundi wa Usukuma walifanya kazi ya aina hiyohiyo, kwenye njia mbaya zaidi na kwa mizigo ambayo vijana wale hawakuiwaza. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewaandika, wala benki iliyowakopesha.

Huduma ya kubeba abiria kwa baiskeli ilianza mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Shinyanga iliichukua na kuifanya yake, na baiskeli hizo huko zinaitwa daladala. Kijana aliyemaliza darasa la saba bila shamba wala mtaji aliweza kuanza kazi asubuhi na kurudi jioni na unga. "Panda mayu, twende," na mama amekaa upande, kikapu mapajani, anapelekwa sokoni. Wanawake wenyewe wanaendesha pia, mashuleni, mashambani na kwenye mbio, na Usukuma hilo si ajabu.

Dhahabu ilirudi kwa kishindo. Wachimbaji wadogo walikuwa wameenea Bulyanhulu, Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu. Mwaka 1996 waliondolewa Bulyanhulu kupisha mgodi mkubwa, tukio ambalo bado linauma. Mwaka 2000 mgodi mpya wa Geita ulianza uzalishaji, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Kwenye rashi, yaani machimbo yanayokimbiliwa ghafla, baiskeli ilibeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara (mashimo ya wachimbaji) hadi kwenye makarasha (mashine za kusaga mawe), na maji hadi kwenye mialo ya kuoshea dhahabu. Lakini Geita haifanani na Shinyanga. Milima yake humchosha mwenye Phoenix isiyo na gia, na fedha ya dhahabu huja kwa haraka. Pikipiki za China na India zilipomiminika, bodaboda iliiteka Geita, Katoro na Kahama upesi, na guta la magurudumu matatu likachukua mizigo. Mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria yalifika Kahama na Shinyanga kwa bomba kutoka Ihelele, na wauza maji wengi wa baiskeli wakapoteza wateja. Hilo ni jema kabisa. Mtu hapaswi kununua maji kwa dumu ili mwingine apate kazi.

Pamoja na hayo, baiskeli haikufa. Petroli ikipanda bei hurudi barabarani. Bado ndiyo usafiri wa kwanza wa mkulima wa Kishapu na wa mwanafunzi anayesoma kata ya mbali.

Kinachosikitisha ni kwamba barabara za lami zilipojengwa hazikumkumbuka mwenye baiskeli. Kati ya Shinyanga na Mwanza mwendesha baiskeli hushindania ukingo na mabasi na malori, na akisikia honi hutumbukia majanini na mzigo wake. Daraja la Kigongo–Busisi juu ya Ziwa Viktoria, lenye urefu wa kilomita tatu, lililofunguliwa Juni 2025, limetengewa njia za watembea kwa miguu pembeni. Maana yake kumtengea njia asiye na gari inawezekana, wahandisi wanajua, na gharama hulipika pale nia inapokuwepo. Halmashauri za Geita, Kahama na Shinyanga hupokea ushuru na tozo za huduma kutoka migodini kila mwaka. Sehemu ya fedha hizo ijenge njia ya baiskeli kando ya kila barabara kuu inayotoka mjini, ianzie Shinyanga kwenda Maganzo na Kahama kwenda Isaka, ambako waendeshaji wako tayari na nchi ni tambarare. Madiwani wa maeneo haya waliulize jambo hili kwenye bajeti ijayo, na wananchi wawaulize madiwani.