Kwa Nini Tusitupe Ramani za Karatasi na Vifaa vya Zamani vya GPS

Tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kote nchini Uganda, na takriban siku 5 zikapita kabla haijarudi. Ndugu msomaji, huenda unachokumbuka zaidi ni ukimya wa makundi ya WhatsApp. Lakini watu waliozoea kuongozwa na simu barabarani walipata shida ya aina nyingine: nukta ya buluu iliendelea kuonekana kwenye kioo, nayo ikaelea juu ya uwanja mtupu. Nukta ilikuwapo kwa sababu mawimbi ya setilaiti hutoka angani moja kwa moja, wala hayategemei intaneti. Kilichopotea ni ramani yenyewe, kwa kuwa simu nyingi huivuta kipande kwa kipande kutoka kwenye mitambo iliyo mbali.

Kujua mahali ulipo na kuwa na picha ya mahali hapo ni mambo mawili, na kila moja linaweza kuharibika peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikadorora katika Afrika Mashariki bila amri ya serikali yoyote. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulilalamika kwamba mawimbi ya GPS yalikuwa yakivurugwa mashariki mwa Kongo, eneo ambalo ndege za misaada huruka kila wiki. Huko kilichoharibika ni nukta, siyo ramani. Raia wa ukanda huu ameshaonjeshwa magonjwa yote mawili.

Tuanze na nukta. Setilaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa Februari 1978, nayo ilikuwa mali ya jeshi la Marekani. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini, safari nambari 007, ilipotea njia yake, ikaingia katika anga ya Muungano wa Kisovieti na kutunguliwa karibu na kisiwa cha Sakhalin. Watu 269 walikufa. Majuma mawili baadaye serikali ya Rais Reagan ilitangaza kwamba mfumo huo ukikamilika utatumiwa na raia wa dunia nzima bila malipo. Ahadi ilitimizwa, ila kwa kubana: jeshi liliyachafua kwa makusudi mawimbi ya raia, hata kifaa kikakosea kwa kiasi cha mita 100. Uchafuzi huo ulikomeshwa kwa amri ya Rais Clinton usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000. Usahihi wote ambao dereva wa bodaboda wa Kampala anauchukulia leo kama jua na mvua ulitokana na uamuzi wa ofisi moja, Washington. Siku hizi kuna mifumo ya Warusi, Wachina na Umoja wa Ulaya, na simu mpya husikiliza yote, jambo linalopunguza hofu. Hata hivyo hakuna hata mmoja kati ya mifumo hiyo unaoendeshwa kutoka bara letu.

Kifaa cha zamani cha mkononi, kile kizito chenye kioo kidogo na betri za kawaida za tochi, kina faida iliyo wazi: kinabeba ramani zake tumboni, na betri zake zinauzwa katika kila duka la kijijini. Lakini usikitoe kabatini siku ya shida ukitarajia kitafanya kazi papo hapo. Kikikaa muda mrefu bila kuwashwa husahau mpangilio wa setilaiti, na kuupokea upya huchukua dakika 12 na nusu chini ya anga lililo wazi. Zaidi ya hayo, mfumo wa GPS ulihesabu majuma kuanzia tarehe 6 Januari 1980 kwa namba isiyozidi 1,023. Juma linalofuata husomeka tena sifuri. Hesabu imerudi sifuri Agosti 1999 na Aprili 2019, na itarudi tena Novemba 2038. Aprili 2019 mtandao wa mawasiliano yasiyo ya waya wa jiji la New York ulikwama kwa sababu hiyo. Ikiwa jiji lile lilisahau, kifaa chako cha mwaka 2003 kinaweza kukuonyesha tarehe ya miaka 19 na zaidi iliyopita. Mara nyingi mahali hubaki sahihi ingawa tarehe ni ya uongo. Ni vyema kuhakikisha hivyo mapema, ukiwa umesimama uani kwako.

Sasa ramani. Hapa historia yetu ni ndefu, nayo, kwa maoni yangu, haifundishwi inavyostahili. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi hizi kwa mkataba uliosema kwamba magharibi mwa Ziwa Viktoria mpaka utafuata latitudo ya nyuzi 1 kusini. Mkataba uliongeza kwamba mlima Mfumbiro ubaki upande wa Waingereza, na mstari upindishwe endapo mlima huo utaonekana kuwa kusini. Fikiria jambo hilo, msomaji: waliotia saini walikuwa wakipigania mlima ambao hawakujua uko wapi. Wapimaji wa pande mbili walikuja kuusaka mstari huo ardhini kati ya 1902 na 1904, wakitazama nyota usiku na kusimamisha nguzo mchana. Ulianza kama maneno kwenye karatasi, ukachelewa miaka 12 kufika kwenye udongo.

Ramani zilizo nzuri zilikuja baadaye. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara maalumu ya kupima makoloni, na katika miaka iliyofuata ndege zikapita juu ya Uganda, Kenya na Tanganyika zikipiga picha. Kutokana na picha hizo zikachorwa ramani za skeli ya 1:50,000, kila karatasi ikifunika eneo la takriban kilomita 28 kwa 28, pamoja na mito, vinamasi, kontua, vijia na majina ya vilima. Ndizo zile ambazo mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Uganda hupewa kipande chake katika mtihani wa jiografia. Kwa raia wengi kipande hicho ndicho ramani ya mwisho ya karatasi watakayoishika maishani. Tunawafundisha kusoma kontua kwa ajili ya alama, kisha tunawaachia simu.

Ili karatasi hizo zikubaliane kutoka Entebbe hadi Dar es Salaam, wapimaji walihitaji msingi mmoja wa vipimo, nao uliitwa Arc 1960. Jina hilo latokana na kazi ya kupima mstari mrefu kando ya longitudo 30 mashariki, kutoka Afrika Kusini hadi Misri, iliyoanza katika karne ya 19 na kukamilika mwaka 1954. Mstari huo unapita magharibi mwa Uganda. GPS nayo hutumia msingi mwingine uitwao WGS 84. Mahali palepale, jiwe lilelile, hupata namba tofauti katika misingi hii miwili, na tofauti hiyo katika nchi zetu ni karibu mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini.

Wasomaji wenye shamba karibu na Mutukula wataelewa uzito wa jambo hili upesi. Mtu aliyesimama mita 100 kaskazini mwa mstari uliochorwa kwenye ramani, yaani ndani ya Uganda, ataambiwa na kifaa kwamba yuko nyuzi 1 na sekunde kadhaa kusini, na akiamini namba hizo tupu atadhani yuko Tanzania. Kifaa hakijakosea, wala ramani haijakosea. Wawili hawa wanazungumza lugha mbili. Vifaa vingi vya zamani vya mkononi vina ukurasa wa mipangilio unaoruhusu kuchagua Arc 1960, na ukishauchagua, namba za kifaa na mistari ya karatasi hupatana. Ramani nyingi za simu hazikupi nafasi hiyo. Na penye ubishi wa mpaka hushikwa nguzo zilizosimamishwa na wapimaji, maana usahihi wa nyota za 1902 haulingani na wa setilaiti. Katika eneo ambalo Idi Amin alilivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, akidai kwamba mto Kagera ndio mpaka, si busara raia kubishana kwa kuonyeshana simu.

Ziwani ubishi huwa mgumu zaidi, kwani maji hayachimbiwi nguzo. Mzozo wa Uganda na Kenya juu ya Migingo, jabali dogo lililojaa mabanda ya wavuvi, ulipopamba moto mwaka 2009, wapimaji walirudi kwenye amri ya kifalme ya Uingereza ya mwaka 1926 iliyotaja visiwa kwa majina: Pyramid, Ilemba, Mageta na vingine. Migingo haikutajwa. Mpaka ulipatikana kwa kuunganisha visiwa vilivyotajwa, na kisiwa kikaonekana kuwa upande wa Kenya, takriban mita 500 kutoka kwenye mstari; serikali ya Uganda iliendelea kushikilia kwamba maji yanayokizunguka ni yake. Mvuvi anayekamatwa huko hana karatasi wala kifaa, na anayemkamata huenda hana pia.

Ramani hizi zina dosari zake. Nyingi zilichorwa kabla ya barabara nyingi za lami, na wilaya za Uganda, ambazo hazikufika 20 wakati wa uhuru, sasa zimepita 130. Ukikutana na ramani ya miaka ya 1970 utaona Ziwa Edward likiitwa Idi Amin Dada na Ziwa Albert likiitwa Mobutu Sese Seko. Usishangae, na usiitupe, kwani hiyo nayo ni hati. Vilima havijahama, mabonde yangali yalipokuwa, na kinamasi kilichochorwa mwaka 1958 mara nyingi ndicho kinachozuia gari lako leo.

Nchini Uganda karatasi hizi hutolewa na Idara ya Upimaji na Ramani iliyoko Entebbe. Kenya na Tanzania zina idara zao za namna hiyo. Nunua ile ya eneo unakoishi na ile ya eneo unakopita mara kwa mara. Itunze ikiwa imekunjwa kwa nje, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na dira. Kifaa nacho kitolewe betri kinapolala, maana betri zikivuja hukiua, na kiwashwe kila baada ya miezi 3 mahali penye anga wazi, huku kona ya chini ya karatasi, palipoandikwa jina la msingi wa vipimo, ikisomwa kabla ya namba yoyote.